Kamba ya nanga inayovutika: inafaa wapi, na wapi itakuacha umepwelewa

"Shikamoo Nahodha. Nina boti ya faiba ya futi 19, mashine farasi 40, napeleka wageni kuona pomboo hapa Kizimkazi. Shemeji yangu wa Marekani kaniletea kamba ya nanga inayovutika kama mpira, kwenye pakiti imeandikwa inatoka futi 14 hadi 50. Wenzangu wamegawanyika: mmoja anasema ni kitu cha maana sana, mwingine anasema ni ya kuchezea watoto. Je, niifanye ndiyo kamba yangu ya nanga ya kila siku, hata ya kulaza boti usiku? Na ikiwa ni nzuri, naweza kutengeneza nyingine kwa tyubu za pikipiki?"

Marahaba, mwanangu. Jibu fupi kwanza, usije ukasubiri mpaka mwisho: kamba hiyo itunze, itumie mchana ukiwa papo hapo na boti unaiona, na usiku ikunje uiweke ndani. Ya tyubu unaweza kutengeneza, na kwa kazi moja nitakayokueleza huko chini itakufaa kuliko hiyo ya shemeji. Sasa nikupe sababu, maana jibu lisilo na sababu utalishika leo, na kesho mtu mwenye sauti kubwa zaidi atakugeuza.

Kamba za namna hii zimeenea Marekani kwa wenye boti ndogo, hasa wa maziwani. Ndani kuna mpira, nje kuna kamba iliyosukwa kama soksi; mpira ukilegea soksi inakunjamana, ukivutika inanyooka. Unaelekea ufukweni, na kabla hujafika unadondosha nanga kwa nyuma, upande wa tezi. Boti inasonga polepole, mpira unavutika, omo, yaani mbele ya boti, inagusa mchanga, watu wanashuka. Wewe umeshika kamba ya pili, ya kawaida, iliyofungwa omo. Ukiiachia, mpira unairudisha boti nyuma kwenye maji, inaelea bila kugonga chini. Ukitaka kuondoka unavuta ile kamba ya omo, boti inakuja kama mbuzi, wageni wanapanda. Huhitaji kijana wa kusimama majini akiishikilia.

Sina ugomvi na uvumbuzi huo. Mtu wa Kigoma akiniuliza swali lako nitamwambia anunue kesho asubuhi. Ziwa Tanganyika halijai na kupwa kama bahari. Maji aliyoyaacha asubuhi atayakuta adhuhuri palepale, na sehemu nyingi za ufukwe wake zinateremka ghafla, hatua chache tu na umeshazama. Huko boti ikirudi nyuma mita 6 imepata kina cha kutosha na ziada. (Upepo wa ziwani ni habari nyingine, nao hauna mchezo.) Lakini wewe uko Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kwenye bahari inayojaa na kupwa.

Basi tupige hesabu. Chukua bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana, ya kawaida, si ile kubwa ya mwaka, ambayo tofauti ya maji kujaa na kupwa ni mita 3.6. Maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Mabaharia huigawa tofauti hiyo mafungu 12: saa ya kwanza linashuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Si hesabu ya mizani ya dhahabu, lakini inatosha kazi. Kwa mita 3.6 kila fungu ni sentimita 30, kwa hiyo saa ya tatu na ya nne maji yanashuka sentimita 90 kila saa. Sasa uweke ufukwe wako juu ya hesabu hiyo. Tuseme unateremka mita 1 kwa kila mita 20 unazotembea kuelekea baharini. Sentimita 90 za kushuka zinakuwa mita 18 za ukingo wa maji kukimbia, kwa saa moja. Kamba yako, kutoka imelegea kabisa hadi imekaza kabisa, ina mwendo wa mita 11. Yaani hata ungeutumia mwendo wote huo, dakika 37 hivi na bahari imeshaupita.

Na saa hizo za katikati ni zipi? Kwetu siku za bamvua maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na hupwa kwenye saa 4 asubuhi, mwezi mpevu au mwezi mwandamo ni vilevile. Hesabu mwenyewe: saa ya tatu na ya nne baada ya kujaa ni kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi. Ndiyo saa ileile mnayopakia wageni wa pomboo! Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi maji yanakuja badala ya kuondoka, tena yanakuja kivivu, tofauti yake ni ndogo sana, na kamba yako itaonekana imetengenezwa na malaika. Naamini hata wale wenzako wawili hawabishani. Mmoja kaijaribu maji mafu, mwingine kaijaribu bamvua.

Kuna jambo jingine ambalo pakiti haikusema. Katika matumizi mazuri huivuti kamba hiyo hadi mwisho, unabakiza nusu kwa ajili ya mawimbi. Kwa hiyo ukiiachia boti inarudi nyuma mita 5 au 6. Kwenye ufukwe wa 1 kwa 20, mita 6 zinakununulia kina cha sentimita 30. Boti ya futi 19 yenye mashine iliyoinuliwa inataka karibu sentimita 30 za maji ili ielee. Mashine ikiwa chini inataka zaidi ya mara mbili ya hapo. Umejisumbua na nanga, mpira, na kamba mbili, kisha umenunua kile ambacho kijana angekupa kwa kuisukuma boti hatua sita.

Mimi nilipwelewa, yaani maji yaliniacha mchangani, nikiwa na kamba kama hiyo, nisikufiche. Nilikuwa nimepeleka wageni kwenye fungu la mchanga, tukatandika kivuli, tukakata mananasi. Nikaitazama boti, inaelea. Nikaitazama tena, inaelea. Mara ya tatu nilikuwa nasimulia hadithi, na niliponyanyua macho boti imelala ubavu, mpira umelegea juu ya mchanga mkavu kama utumbo wa kuku. Ilikuwa saa ya tatu ya maji kupwa. Ukipwelewa saa ya tatu, maji yanatumia saa tatu nyingine kumaliza kupwa na tatu kurudi pale yalipokuacha. Ni saa 6 za kukaa na watu waliolipa safari ya nusu siku. Mananasi yaliisha saa ya kwanza.

Hilo la kupwelewa ni aibu na hasara, lakini mtu anarudi nyumbani. La maji kujaa ndilo linalochukua boti, na ndilo linalohusu swali lako la usiku.

Nanga haishiki kwa uzito, inashika kwa pembe. Ikivutwa kwa ulalo, sambamba na chini ya bahari, ukucha wake unazama mchangani. Ikivutwa kwenda juu, unaing'oa mwenyewe kama unavyong'oa muhogo. Kwa hiyo kamba lazima iwe ndefu kuliko kina: mara 5 siku tulivu, mara 7 upepo ukiwepo, na kina unakipima kutoka omo ya boti, si kutoka usawa wa maji, tena unapima kina cha maji yakiwa yamejaa. Umetia nanga jioni maji yamepwa, kina mita 2. Usiku yanajaa, kina kinakuwa mita 5.6. Ongeza nusu mita ya urefu wa omo juu ya maji, unapata mita 6.1. Mara 5 ni mita 30 na nusu. Kamba ya shemeji ikivutika hadi uzi wa mwisho ni mita 15. Ni mara mbili na nusu tu ya kina, na ikifika hapo haivutiki tena: imekuwa kamba ya kawaida, fupi, inayoivuta nanga juu usiku kucha kila wimbi likipita.

Watu watakwambia mpira unapunguza mishtuko, kwa hiyo nanga inashika vizuri zaidi. Ni kweli, maadamu mpira bado una nafasi ya kuvutika. Ukiisha, mshtuko unakuja wote kwa pamoja, na unakuja upepo ukiwa umeshakuwa mkali, si wakati wa utulivu. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Ubavu wa boti yako, pamoja na chochote kilichosimama juu yake, tuseme ni mita za mraba 4. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukiupiga ubavu huo unausukuma kama uzito wa kilo 7 na nusu. Upepo wa kilomita 40 kwa saa, ule ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa huutolea tahadhari, ni kilo 30. Na mkondo ndio wengi hawauhesabu kabisa: maji yanayokwenda kilomita 2 kwa saa, mwendo wa mtu anayeokota makome, yakiipiga boti ubavuni yanaisukuma kwa zaidi ya kilo 20, kwa sababu maji ni mazito kuliko hewa mara mia nane na zaidi. Boti iliyofungwa nyuma kwa mpira na mbele kwa kamba ya ufukweni haiwezi kugeuka kuukabili mkondo. Inaupokea kwa ubavu. Boti iliyotiwa nanga ya omo peke yake hujigeuza yenyewe ikatazama upepo au mkondo, na mzigo wa nanga unapungua sana.

Hapo pia ndipo penye hatari kubwa ya kamba hii, na ukikumbuka kitu kimoja katika maneno yangu kikumbuke hiki. Nanga yake inafungwa tezi, na tezi ya boti ya mashine ya nje ni sehemu iliyo chini kuliko zote, imekatwa ili mashine ikae. Omo imechongwa kupasua wimbi. Tezi ni ukuta. Kusi likiamka na mawimbi yakaja kutoka nje, yanaipiga tezi iliyofungwa isiweze kupanda, maji yanaingia ndani, boti inakuwa nzito, inakaa chini zaidi, wimbi linalofuata linaingia kwa wepisi zaidi. Mawimbi matatu au manne yanatosha. Siku mawimbi yanavunjika ufukweni, usitie nanga ya tezi kabisa, iwe ya mpira, ya katani au ya dhahabu.

Usiku, basi: nanga moja, kutoka omo, mnyororo, kamba ndefu ya kawaida. Mpira haumo.

Tuseme sasa umeikubali kwa kazi ya mchana. Uitumieje? Usifunge mpira moja kwa moja kwenye nanga. Mpira unavuta wakati wote, haupumziki, na ukiwa karibu na nanga unaikwangua juu ya miamba na chaza. Wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Baharini nimeona jiwe likikata kamba mara nyingi zaidi. Weka nanga, kisha mnyororo wa mita 3 wa milimita 8 (una uzito wa kilo 4 hivi, ndio unaolaza mvuto chini), kisha kamba ya nailoni mita 15, ndipo mpira, na mpira uishie kwenye boti. Kwa mpango huo ukiwa umelegea una mita 22 kutoka nanga hadi tezi, ukikaza kabisa una 33. Dondosha nanga mahali ambapo omo ikigusa mchanga, tezi itakuwa mita 28 kutoka nanga. Pima mara moja kwa kamba yenye alama ufukweni, usikisie kila siku.

Mashine ndiyo itakayokuharibia kama hukuwa makini. Kamba iko nyuma, rafadha (panga la mashine) iko nyuma. Ukishadondosha nanga huruhusiwi kurudi rivasi, hata kidogo, hata mgeni akidondosha kofia. Nenda mbele kwa mwendo mdogo, mtu mwingine aishike kamba mkononi ikitoka, na kabla mpira haujaanza kukaza zima na uinue mashine. Wakati wa kuondoka, jivute kwa kamba hadi juu ya nanga, ipandishe ndani yote, ndipo ushushe mashine. Mpira uliojizungusha kwenye rafadha hukatwa kwa kisu chini ya maji, na mawimbi hayakungoji umalize.

Usisimame wala usimruhusu mgeni asimame kwenye mstari wa mpira uliokaza. Hesabu nyepesi: tuseme ukiwa umekaza mwisho unavuta kwa kilo 40. Kwa mwendo wa mita 11, nguvu iliyolala ndani yake inalingana na ya mfuko wa saruji wa kilo 50 uliodondoshwa kutoka mita 4 na nusu, juu kuliko paa la nyumba ya kawaida. Yote hiyo inaishia kwenye kile chuma cha kufungia kamba kwenye tezi. Chungulia chini yake leo. Ukikuta kimeshikwa kwa skrubu zilizozama kwenye faiba tu, usikifungie mpira. Kitang'oka na kitaruka, na kitaruka kuelekea watu au kuelekea wewe. Kiwekewe bolti zinazotokea upande wa pili, na bamba la chuma au mbao ngumu nyuma yake.

Juu ya nanga yenyewe: hizi za makucha manne zinazokunjwa kama mwavuli, ambazo kila duka linauza kwa sababu zinaingia vizuri kwenye boksi, zinashika mwamba na hazishiki mchanga. Na hata ile ya mafundi wetu ya nondo zilizopindwa ni ya mwamba vilevile. Kwenye mchanga unataka nanga yenye mabapa mawili mapana, aina ya Danforth, au ya umbo la jembe. Kwa boti yako, nanga ya kilo 4 au 5 yenye mabapa itashika mchanga kuliko ya nondo ya kilo 10. Na kwenye matumbawe usitupe yoyote. Mnaishi kwa kuonyesha bahari. Tafuta kipande cha mchanga, maji ya kwetu ni maangavu, chini unapaona.

Na hiyo kamba ya nailoni niliyoitaja, hakikisha ni nailoni. Madukani kila kamba ya plastiki inaitwa nailoni. Kata kipande cha kidole kimoja ukitumbukize kwenye ndoo ya maji. Kikizama ni nailoni. Kikielea ni plastiki nyingine, ile ya buluu au kijani, na haikufai: inaelea juu inakwenda kujinyonga kwenye rafadha, na jua linaiunguza mpaka inatoa unga mkononi. Nailoni ya nyuzi tatu zilizosokotwa inavutika yenyewe, kwa mzigo wa kawaida kama mita moja na zaidi kwa kila mita 10, bila mtu kuiuza kwa jina la ajabu. Ndiyo maana nakwambia kamba nzuri ya nanga inayovutika umekuwa ukiipita dukani siku zote. Mita 40 zake, milimita 10 au 12, ni amari, yaani kamba kuu ya nanga, ya boti yako kwa miaka.

Sasa tyubu. Usijaribu kutengeneza ile ya kuvutika mita 11. Vipande vingi, mafundo mengi, na kila fundo la mpira ni mahali pa kuteleza. Tengeneza kifyonza mshtuko, kifupi, cha kuweka kwenye amari yako ya usiku. Chukua tyubu ya pikipiki, ikate kwa urefu upate ukanda wa mita moja, upana wa vidole vitatu. Weka kanda mbili kama huo sambamba. Funga ncha moja kwenye kamba ya nailoni, karibu na omo, kwa kuikaza na uzi wa nyavu, zungusha mara nyingi. Kisha pima mita 2 na nusu za kamba hiyohiyo kutoka hapo, na hapo ndipo ufunge ncha ya pili. Umeona? Kamba kati ya ncha mbili inaning'inia imelegea, na mpira ndio unaobeba. Upepo ukivuma mpira unavutika. Ukifika mwisho wa uwezo wake, kamba inakaza na kubeba mzigo kabla mpira haujakatika. Ukikatika hata hivyo, hujapoteza kitu: kamba ipo nzima chini yake. Hiyo ndiyo tofauti yake na ya shemeji, ambayo mpira ukifa hujui soksi ya nje ina nguvu kiasi gani mpaka siku hiyo.

Mpira wa tyubu nyingi ni wa aina inayovumilia jua kuliko mpira wa asili, lakini nao una siku zake. Uupinde kila mwisho wa mwezi uutazame. Ukiona nyufa ndogondogo kama za kisigino, badilisha. Bei yake ni ya kumwomba fundi pancha.

Kuna suluhisho jingine ambalo ungelifikiria ukiona watu wa mabara mengine: kamba ya duara yenye kapi. Unaweka uzito na boya kwenye maji ya kina, kapi chini ya boya, kamba inapita ndani ya kapi na kurudi ufukweni, boti inafungwa kwenye kamba, unaivuta nje na kuirudisha kama nguo kwenye kamba ya kuanikia. Kwenye kijighuba chenye ukingo unaoteremka kwa kasi ni nzuri sana. Kwenye ufukwe wa 1 kwa 20, maji ya bamvua yanakimbia mita 72, kwa hiyo boya liwe mita 90 nje, na kamba yake mita 180 au zaidi, ikilala mahali ambapo watalii wanaogelea na mitumbwi inapita. Usifanye. Na kabla hujazamisha zege lolote, kumbuka Ghuba ya Menai, mliko nyinyi, ni eneo la hifadhi tangu 1997. Kaulize kwanza kamati ya wavuvi na watu wa hifadhi. Kumbuka pia zege hupoteza kama mbili ya tano ya uzito wake likiwa majini, kwa hiyo kitalu cha kilo 100 kitakushikia kama cha kilo 58. Ikiwa mtakubaliana kuweka maboya ya kudumu ya pamoja, hapo mpira mnene una kazi ya heshima: unawekwa badala ya mnyororo mzito unaozunguka na kung'oa majani ya bahari kila maji yanapogeuka.

Kwa siku za bamvua mimi ningefanya walivyofanya wazee: boti ikae nje, nanga ya omo, kamba ndefu, wageni waletwe kwa kihori, ule mtumbwi mdogo. Watalii wanakipenda kihori kuliko boti, watakupiga picha. Kamba ya shemeji itoe siku za maji mafu, siku za utulivu, na kwenye fungu la mchanga ukishaweka mtu wa kuitazama boti ambaye hasimulii hadithi.

Haya yote nimeyasema kwa ufukwe wa 1 kwa 20, ambao nimeukisia. Bamvua ijayo nenda saa 4 asubuhi maji yakiwa yamepwa kabisa. Simama kwenye ule mstari wa majani na takataka ambao maji ya alfajiri yameuacha, tembea moja kwa moja hadi ukingo wa maji, hesabu hatua. Angalia jedwali la maji ya siku hiyo, uandike kimo cha kujaa na cha kupwa. Nitumie namba hizo tatu pamoja na picha ya kile chuma cha tezi, upande wa chini, nami nitakwambia uitupe nanga wapi.